Tanuri Lisilokula Kuni

Karatasi ilikuwa na tarakimu moja isiyowezekana, na Kadidja aliipenda papo hapo.

Tanuri namba kumi na moja, kilima cha Nyamivuma, mkoa wa Muyinga. Matofali elfu kumi na nane. Siku nne za kuchoma. Kuni: stere moja. Matanuri mengine kumi na sita ya mkoa huohuo yalikuwa yamekula stere kumi na mbili, kumi na nne, moja hata kumi na tisa. Stere moja ni rundo la kuni la mita moja kila upande. Linatosha kuivisha maharage ya arusi. Halitoshi kuivisha matofali ya nyumba tatu.

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na sita Agosti, mwaka 2022, na ofisi yao ilikuwa kwenye ghorofa ya pili ya jengo moja la Gitega ambalo lenyewe lilijengwa kwa matofali mabaya. Kadidja alikuwa mpelelezi wa polisi kwa miaka kumi na miwili kabla ya kuchoka na kuacha. Sasa alikuwa mhakiki wa kanzidata ya majengo, yaani ile orodha inayoeleza kila tofali, kila bati na kila mfuko wa saruji umekula kuni na mafuta kiasi gani, na umetoa moshi kiasi gani, tangu udongo uchimbwe mpaka nyumba ibomolewe. Kabla ya hapo nchi ilikuwa ikiazima tarakimu za Ulaya, za viwanda vinavyochoma kwa gesi, na kila kibanda cha Burundi kilionekana kwenye makaratasi kama kimejengwa Ubelgiji. Watu walidhani Kadidja ameacha kazi ya kuwashika waongo. Alikuwa amebadilisha waongo tu.

Aliyeijaza karatasi ile aliitwa Longino, mpimaji wa ofisi kwa upande wa Muyinga. Leo ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu mtu yeyote amwone.

Thomas, mratibu wa mradi, aliingia na kikombe cha chai mkononi, akaiona karatasi, akakunja uso.

"We uko bado na ile ya Nyamivuma?"

"Niko nayo."

"Kadidja, hiyo kazi imekwisha. Vendredi, Ijumaa hii, mi nasaini rapport ya mwisho. Longino alitunga namba, alafu akakimbia. Polisi ya Muyinga walisema mutu mwenye koti ya projet yetu alionekana Kobero, iko inavuka kwenda Tanzania. Tunafuta karatasi zake zote kumi na saba. Voilà."

"Mwongo haandiki stere moja," Kadidja alisema. "Mwongo anaandika kumi na tatu. Anaangalia za jirani, anachukua ya katikati, anaenda kunywa bia yake."

"Alafu alienda mara tatu kwa tanuri moja. Juu ya nini? Formulaire inaomba mara moja. Iko mwanamuke kule, tena karibu na mupaka."

Kadidja aliisogeza karatasi karibu. Kwenye pambizo la karatasi, kwa kalamu ya risasi, Longino alikuwa ameandika mambo mawili ambayo fomu haikumwomba. La kwanza lilikuwa uzito wa tofali moja: bichi lililokauka, kilo tatu na gramu mia moja, lililochomwa, kilo mbili na gramu mia tatu. La pili lilikuwa tarehe tatu, na mbele ya kila tarehe namba tupu. Julai 7, 31. Julai 14, 26. Julai 21, 22. Longino alitoweka Julai 28, na tarehe zote nne ni Alhamisi.

"Tofali la kawaida likichomwa linapoteza sehemu moja ya kumi," Kadidja alisema. "Hili limepoteza robo. Ile robo ilienda wapi?"

"Mizani mbovu."

"Mizani mbovu inakuwa mbovu kwa matanuri yote, Thomas. Hii imekuwa mbovu kwa moja tu."

Thomas alikunywa chai yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wahandisi Bujumbura wanaompigia simu kila siku, wameona stere moja, na wanataka kujua ni wapi wanaweza kununua hayo matofali safi kuliko yote nchini. Akisema ni uongo, simu zitakoma. "Una kesho na keshokutwa," alisema. "Vendredi asubuhi nasaini."

Kwenye benchi la korido alikaa mwanamke mwenye kitenge cha zambarau. Alikuwa amekaa hapo tangu ofisi ifunguliwe. Ni Jeska, mke wa Longino, na Kadidja alikuwa amempita mara mbili bila kuwa na la kumwambia.

"Mama Jeska, nakwenda Muyinga kesho."

Jeska alisimama. "Mi nakuja."

"Si safari ya—"

"Wakisaini ile karatasi, bwana yangu anakuwa mwongo na mutu aliyekimbilia mwanamuke, na hakuna mutu atamutafuta tena. Mi Longino namujua. Anaogopa hata mbwa wa jirani. Atavuka mupaka namna gani?" Alifunga kitenge vizuri kiunoni. "Mi nakuja, dada."

Kadidja aliona huruma, na aliona pia kwamba hakuna namna ya kumzuia. Alimwambia awe tayari saa kumi na mbili asubuhi.

*

Houssein, dereva wa ofisi, alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa Gitega na alijua barabara zote kwa mashimo yake. Walipita Karuzi jua likiwa bado chini, wakapita Muyinga mjini bila kusimama, na saa tatu na nusu walikuwa Kobero. Malori yalijipanga upande huu na upande ule wa kizuizi. Wabadilisha fedha walikuja dirishani na mafungu yao ya noti, wakafukuzwa na macho ya Kadidja. Alikuwa amekuja kumtafuta mtu aliyeonekana akivuka, na kwa uzoefu wake mtu anayeonekana mara moja mpakani huonekana tena, kwa sababu mpakani watu huenda na kurudi.

Hawakungoja hata saa moja.

"Dada Kadidja," Houssein alisema polepole. "Ile koti iko pale."

Lilikuwa la rangi ya chungwa, lina jina la mradi mgongoni, na lilikuwa linasukuma mkokoteni wa magunia ya chumvi. Jeska alikuwa ameshafungua mlango. Alipofika kwa yule mpagazi alimshika mkono wa kushoto, akaugeuza kiwiko, akaonyesha kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa buluu.

"Hii mi nilishona."

Mwenye koti hakujaribu kukimbia. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, Manase, aliyekulia kambini Kibondo na kurudi miaka minne iliyopita. Alisema Kiswahili cha ng'ambo, cha Tanzania.

"Sikuiba, mama. Nililichukua kando ya miiba."

"Miiba ya wapi?" Kadidja aliuliza.

"Nyamivuma. Nilikwenda kumsalimia dada yangu, Jumapili ya tarehe thelathini na moja. Nikapita njia ya bondeni. Kuna uzio wa miiba, na koti limetundikwa juu ya mti hapo kando. Limelowa umande. Nikaita, hakuna mtu. Nikaita tena."

"Umevuka nalo mpaka?"

"Kila siku navuka. Ndiyo kazi yangu."

"Huo uzio unazunguka nini?"

Manase alifikiri, na uso wake ukabadilika kidogo. "Hauzunguki kitu. Si shamba, si kaburi, si zizi. Majani tu, tena ya njano. Nilitaka kupumzika pale, nikashindwa. Kulikuwa kimya sana. Bonde zima halina chura, halina ndege. Nikachukua koti nikaondoka." Alilivua, akampa Jeska. "Pole, mama."

Jeska alilipokea na kulikunja mara mbili, akaenda nalo kwenye gari. Hakulia. Basi mtu aliyevuka Kobero alikuwa Manase, na Longino hakuwa amevuka popote.

"Ushahidi wa polisi umekufa," Kadidja alimwambia Houssein walipoondoka. "Sasa niambie. Julai, asubuhi, kule vilimani. We unaweza kuvua koti?"

"Mi? Hata Agosti hii nimevaa mbili."

"Longino alivua. Alitundika vizuri, juu ya mti, kama mutu mwenye kurudi kulichukua. Juu ya nini mutu avue koti kwenye baridi?"

"Alikuwa anabeba kitu kizito."

"Ama alisikia joto."

Houssein alicheka kidogo, kisha akaona hakuna anayecheka naye, akabadilisha gia.

*

Nyamivuma ilianza vizuri kama vilima vyote. Migomba, kahawa, kanisa dogo la bati. Nusu ya chini walikuwa wanakaa watu waliorudi kutoka Tanzania, maana vipande vya juu vilikuwa na wenyewe na serikali iligawa kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mpaka ukingo wa kinamasi. Barabara ilipoanza kushuka, mbuzi wawili waliokuwa wakichungwa kando ya njia waligoma kushuka zaidi. Mchungaji wao aliwapiga, wakakaa chini.

Bondeni kulikuwa na mikalitusi saba imelala. Hakuna aliyeikata. Ilikuwa imeanguka mizima, kila mmoja upande wake, na mizizi ilikuwa haipo: pale ambapo mizizi ingekuwa palikuwa na kisiki cheusi kilichochongoka. Upepo haukuwepo, na bado kulikuwa na moshi. Haukutoka kwenye moto wowote. Ulitoka ardhini, mwembamba, sehemu tatu, nne, ukapanda mpaka urefu wa mtu kisha ukalala. Ulinuka nywele zilizoungua na udongo wa mvua.

"Bismillah," Houssein alisema, akazima gari mbali kuliko alivyoagizwa.

Tanuri namba kumi na moja lilikuwa palepale fomu iliposema. Mbele yake alisimama Nazario, mwenye tanuri, mwanamume wa miaka hamsini mwenye mikono ya udongo. Alizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi kule Tabora, na alizungumza kwa adabu ya watu wa kule.

"Karibuni. Poleni na safari."

"Asante, baba Nazario. Tumekuja juu ya Longino, ule mwenye kupima."

"Yule bwana sijamwona kitambo."

"Alikuja mara ngapi?"

"Mara moja. Alipima akaenda zake."

Kadidja alitoa mizani ya kuning'iniza kwenye mkoba wake. Hakuonyesha kwamba amesikia uongo. Aliomba tofali bichi lililokauka, akalipima. Kilo tatu na gramu mia. Akaomba lililochomwa. Kilo mbili na gramu mia tatu. Longino hakuwa ametunga. Kisha alilivunja lile bichi kwa goti, akalinusa, akatoa kiberiti mfukoni, akakiwasha na kukishika kwenye ukingo uliovunjika. Ukingo haukuwaka. Ulianza kuwa mwekundu taratibu, ukabaki mwekundu hata alipokiondoa kiberiti, na uzi wa moshi ukapanda. Ulikuwa moshi uleule wa bondeni.

"Udongo huu umechimba wapi?"

"Hapo chini. Ni udongo mzuri sana," Nazario alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na furaha. "Mweusi, kama wa mbugani kwetu Ulyankulu. Tulichanganya nusu kwa nusu na ule mwekundu. Kuni zinawasha mdomo tu, halafu tofali linajichoma lenyewe. Majirani wanasema nina dawa."

"Si udongo wa mbuga, baba. Hii ni tourbe. Ni majani yaliyooza ndani ya maji tangu zamani za zamani, yakalala. Ikikauka ni kuni." Kadidja alilikanyaga lile tofali mpaka wekundu ukafa. Ile robo iliyopotea alikuwa ameipata. Tanuri lisilokula kuni lilikuwa linajila lenyewe, na moshi wake ulikuwa mchafu kuliko wa matanuri mengine yote kumi na sita. Fomu ya ofisi ilikuwa na mstari wa kuni, mstari wa makaa, mstari wa maganda ya kahawa. Mstari wa moto ulio ndani ya udongo haukuwepo. Longino alikuwa ameona hivyo, na kwa kukosa mahali pa kuandika aliandika pembeni.

"Kinamasi hiki ulikichoma?"

"Mwezi wa sita, ndiyo. Nilichoma matete nipande mpunga. Baba alitufundisha hivyo Ulyankulu, kabla ya mvua unachoma mbuga, majivu yanakuwa mbolea. Moto ulikaa siku mbili, ukazimika."

"Haukuzimika."

Nazario aliangalia chini.

"Ulishuka," Kadidja alisema. "Moto wa Ulyankulu unakosa cha kula chini ya majani, unakufa. Huu umepata cha kula. Uko unatembea." Akageuka, akaonyesha kwa kidole. Hatua ishirini na kitu kutoka nyuma ya nyumba ya Nazario, katikati ya majani ya njano, palikuwa na uzio wa miiba, mviringo, umefungwa imara. Matawi bado yalikuwa na majani machache yaliyonyauka. "Miiba ya ule uzio nani alikata?"

"Mimi."

"Unazuia nini?"

"Mbuzi."

"Mbuzi hawashuki huku, baba. Tumewaona. Wanajua kuliko sisi." Sauti yake haikupanda. "Mutu hazungushi miiba mahali hakuna kitu. Anazungusha mahali ambapo anaogopa mutu mwingine atapita. Longino alikuja hapa mara nne, kila Alhamisi. Mi nina tarehe zake. Huyu mama hapa ni bibi yake. Sema mbele yake alikuja mara moja."

Nazario alimtazama Jeska, akaliona koti mkononi mwake. Akakaa juu ya rundo la matofali.

"Sisi wa kurudi, kiwanja chetu ni barua tu ya serikali," alisema. "Mtu akifa kwenye kiwanja chako, utamweleza nani? Watasema nimemuua. Watasema rudini mlikotoka. Na huko tulikotoka walishatuambia rudini kwenu."

"Sema alivyokufa."

"Sikuona! Naapa. Alifika asubuhi na mapema, akavua koti, akasema leo ardhi ni ya moto zaidi. Akafunga tepu yake kwenye msumari, hapo kwenye kona ya nyumba, akaenda nayo akiivuta, anaangalia namba. Mimi nilikuwa napanga matofali. Nikainama kuchukua tofali. Nikainuka. Hakuwepo." Alifuta uso na kiganja, udongo ukabaki shavuni. "Hakupiga kelele. Hakuna kishindo. Nikakimbia, nikaona shimo na majivu meupe yanazunguka ndani kama unga. Joto likanisukuma. Nikaita, nikaita. Baadaye nikakata miiba, watoto wasipite."

Jeska alikuwa amesimama wima kabisa. "Tepu iko wapi?"

"Sijaigusa, mama. Niliogopa kuigusa."

Waliikuta palepale. Kwenye kona ya nyumba kulikuwa na msumari, na kwenye msumari ilining'inia ndoano ya utepe wa chuma. Utepe wenyewe ulikuwa umelala juu ya majani, umepata kutu na umande wa siku ishirini, ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye miiba. Kadidja alivunja ufito mrefu kwenye mikalitusi iliyoanguka. Kila hatua aliuchoma ardhini mbele yake, akaukandamiza, ndipo akakanyaga. Houssein alimshika mshipi kwa nyuma na kusoma dua zote alizofundishwa. Chini ya miguu ardhi ilitoa sauti ya kitu kitupu.

Alisogeza tawi moja la miiba. Utepe ulifika kwenye ukingo, ukapinda, ukashuka ndani ya moshi. Haukulegea. Kitu kizito huko chini kilikuwa bado kimeushika.

Kadidja alipiga magoti na kusoma namba iliyokuwa kwenye ukingo. Kumi na saba.

Thelathini na moja, ishirini na sita, ishirini na mbili, kumi na saba. Hizo zilikuwa mita, kutoka kona ya nyumba mpaka mahali ambapo moto ulikuwa umefika. Hakukuwa na mwanamke Nyamivuma. Longino alikuwa amegundua moto unatembea mita nne, tano kwa wiki, na unakwenda wapi, na alikuwa akirudi kila Alhamisi kupima umebakiza kiasi gani. Miaka yote aliyokaa polisi Kadidja alikuwa ameona watu wanakufa kwa sababu za kipumbavu, na hii haikuwa mojawapo.

Alirudi nyuma kwa nyayo zake mwenyewe, akampigia Thomas.

"Usisaini," alisema.

"Umemupata?"

"Tumemupata. Stere moja ni kweli. Uzito ni kweli. Zote kumi na saba, uziache kama alivyoandika. Wale wa Bujumbura uwaambie hayo matofali si safi, yamechoma bonde zima. Na uite polisi na watu wa zima moto, wakuje na mbao ndefu, wakuje na maji."

"Alikufa?"

"Alikufa akiwa kazini, Thomas. Andika hivyo. Kwa maneno hayohayo." Akakata simu.

Kisha akahesabu. Mita kumi na saba, na wiki karibu tatu zimepita. Alichomeka ule ufito ardhini mita sita kutoka ukutani, akauacha kidogo, akauchomoa. Ncha ilikuwa inafuka moshi. Mita nne: inafuka. Mita mbili: ya moto, haishikiki.

"Baba Nazario, msingi wa nyumba mulijaza na udongo gani?"

Nazario alionyesha bondeni kwa kidole. Ulikuwa ule mweusi.

"Nani iko ndani?"

"Theodosia. Mke wangu."

Theodosia alikuwa amekaa sakafuni katika chumba cha kati, juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, anachambua maharage. Alikuwa mwanamke mwenye umri mkubwa kidogo kuliko mumewe. Kadidja alivua viatu mlangoni kwa mazoea, akaweka unyayo ndani, akaurudisha. Sakafu ilikuwa na joto. Lilikuwa joto la mwili wa mtu, sawasawa kote, kama vile nyumba imelala na homa.

"Mama, toka nje. Sasa hivi."

"Nimewasikia mkisema huko nje," Theodosia alisema bila kuinua uso. "Sitoki."

"Chini yako kuna moto."

"Chini yangu yuko mama yangu. Mwaka wa sabini na mbili, wakati wa mauaji, baba alikimbia nami mgongoni, mama akabaki bonde hili, hatukumwona tena. Miaka thelathini na sita nimelala Ulyankulu nikimuuliza uko wapi. Nimerudi, nimejenga, na siku hizi chache usiku wa baridi ananipasha. Kila mahali nimefukuzwa. Hapa sifukuzwi."

Kadidja alijua kuwahoji watu, kuwatisha, kuwabana kwa tarehe. Hapa hakuwa na chochote. Alipiga hatua moja mbele, sakafu ikalia, akasimama.

Jeska alimpita. Aliingia miguu mitupu, akakaa kwenye mkeka kando ya Theodosia, akaliweka koti mapajani.

"Mama, mi ni bibi ya Longino. Ule wa mizani."

Theodosia aliacha maharage. "Pole, mwanangu. Pole sana. Alikuwa mtu mzuri. Alikuwa ananisalimia kabla ya kuanza."

"Iko chini hapo, nyuma ya nyumba yako. Alikuja mara ine juu yenu. Mara ya ine hakurudi." Jeska alizungumza taratibu, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mi nitarudi Gitega. Watoto wataniuliza baba alikufa juu ya nini. Kama we uko ndani humu, mama, mi nitawaambia nini?"

Maharage machache yalibingirika kutoka kwenye ungo, yakaelekea peke yake kwenye kona ya nyuma, pale ambapo sakafu ilikuwa imeanza kulala.

Theodosia aliyaangalia mpaka yakafika. Kisha alimshika Jeska bega akainuka, akachukua sufuria, akachukua blanketi moja, akatoka. Mlangoni Nazario alimpokea mkono, wakapanda pamoja kuelekea barabarani, na Houssein akawafuata na ungo wa maharage kichwani.

"Mama Jeska," Kadidja aliita kutoka mlangoni. "Twende."

Jeska alikuwa bado amekaa. Ameweka viganja vyote viwili juu ya sakafu, vidole wazi.

"Iko karibu," alisema. "Wacha nikae naye kidogo."

Kadidja aliangalia saa yake. Alimpa dakika mbili, akazihesabu zote, kisha akaingia kumtoa.